Mapengo Matatu ya Kinanda cha Kasmiri

Mwaka ule ulikuwa 2020. Hapana, nimekosea, ngoja niseme vizuri. 2020 ndio mwaka ziwa lilipanda likachukua vyoo na mihogo ya watu wa ufukweni, na Matrida ndio kwanza anaingia kidato cha tano. Habari hii ni ya mwaka wa sensa, 2022. Nina uhakika kwa sababu karani wa sensa alimkuta Matrida kule Butiama, nyumbani kwa rafiki yangu Kasmiri, akamwandika huko huko, na mama yake alilalamika mwezi mzima kwamba serikali imemhesabu mtoto wake kwenye kaya ya watu wengine.

Matrida ni mjukuu wangu kwa upande wa dada yangu. Ni wa hapa hapa Kiriba. Mama yake, Tereza, anaanika dagaa kwenye nyavu pale chini, na baba yake alihamia visiwani akaoa huko, hatumsemi sana. Mtoto mwenyewe ni mrefu, mkimya, vidole vyake virefu mpaka dada yangu alikuwaga anasema huyu Mungu alimpimia glavu za mtu mwingine. Kinanda alijifunzia misheni ya Nyegina, kwa frateri mmoja aliyekaa pale mwaka mmoja akaondoka. Kwa mwaka huo mmoja alichota vyote alivyoweza kuchota. Akarudi Kiriba akawa mpiga kinanda wa kwaya yetu, na kwa miaka minne hatukujua Jumapili isiyo na kinanda.

Sasa lazima nieleze jambo moja, bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Kwaya zetu zinaimba kwa do re mi. Juu ya karatasi mtunzi anaandika do ya wimbo huo iko wapi, maana wimbo mmoja do yake iko juu, mwingine iko chini, ili sauti za watu zisipasuke. Mpigaji aliyesoma anahamisha vidole vyake kufuata do ilikohamia, anaingia mpaka kwenye meno meusi. (Mimi nayaitaga meno, yale meupe na meusi ya kinanda. Nimesoma mpaka la nne, mnisamehe.) Wapigaji wetu hawahamishi vidole. Kinanda cha umeme kina kitufe, vijana wanakiita transpozi. Ukikibonyeza, kinanda chenyewe ndicho kinahama, wewe unaendelea na meno yale yale meupe uliyoyazoea. Matrida alifundishwa hivyo. Wote niliowaona kuanzia hapa mpaka Musoma mjini wanapiga hivyo, na wanapiga vizuri, watu wanalia kwenye matoleo.

Alipomaliza kidato cha sita alifaulu vizuri tu. Mama yake alitaka ajaze ualimu. Matrida akajaza muziki, chuo kikuu kimoja cha mbali, na nafasi nyingine zote akaziacha wazi. Tereza aligundua fomu ikiwa imeshakwenda.

"Muziki?" akasema. "Babu Thadeo, umesikia? Watu wanasomea udaktari, huyu anakwenda kusomea kuimba ambako hata kuku wanajua."

"Kuku hawaimbi, mama," Matrida akasema. "Wanalia."

"Na wewe utalia."

Mimi nilimuuliza baadaye, tukiwa wawili, kwa nini hakuweka hata ualimu mahali pa akiba. Akasema, "Babu, mimi napiga kinanda miaka minne na sijui ninachofanya. Nataka mtu anionyeshe kilichoko nyuma ya kile kitufe. Nikiweka ualimu, watanipeleka ualimu." Kwa Matrida hayo ni maneno mengi.

Mwezi wa saba ujumbe ukaja kwenye simu. Walimu wa chuo watapita kanda ya ziwa kufanya usaili. Watu wa Mara wafike Bunda, kwenye shule moja pale Nyasura, mwezi wa kumi. Atakayekuja apige ngazi ya sauti, yaani do re mi ya kupanda na kushuka, kwenye do tatu tofauti, na wimbo mmoja alioandaa. Chombo ni piano.

Matrida aliniletea simu nisome. Nikasoma polepole.

"Babu, piano inakuwaga na transpozi?"

Mimi piano nilikuwa nimeiona kwenye televisheni tu. Nikamwambia auulize umati wa kwenye simu, maana walikuwa na kundi lao la waombaji. Akauliza. Sikuyaona majibu, ila niliona alivyoizima simu akaitia mfukoni, na jioni ile hakula.

Basi akaanza kujifunza kupiga bila kitufe. Kinanda ni cha kwaya, na muda pekee wa kukigusa ni siku za mazoezi. Jumamosi ya kwanza akakizima kile kitufe, akaanza wimbo wa matoleo kwa vidole vya kweli. Vidole vikakosea meno, ikawa vurugu. Soprano waliachwa juu, besi tukaangukia sijui wapi. Evance, mwenyekiti wa kwaya, fundi pikipiki, mtu mwema siku nyingine zote, akanyoosha mkono.

"Matrida, leo umeamkaje?"

"Najifunza."

"Jifunze ukiwa peke yako. Hapa wimbo unakwenda kama bata wenye visigino vilivyopasuka."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, niseme ukweli. Jumamosi ya pili akarudia, Evance akaenda mwenyewe akabonyeza kitufe. Jumamosi ya tatu akasema kijana mwingine wa kwaya apige, Matrida apumzike mpaka usaili wake upite. Alisema "apumzike" kwa upole kabisa. Hivyo akabaki hana kinanda, na miezi ilikuwa miwili na nusu.

Hapo ndipo naingia mimi, na ningependa nisingeingia.

Ujana wangu nilikuwaga fundi wa mabenchi ya kanisa. Nimezunguka vigango vingi vya Mara hii na randa yangu begani, nalala kwa makatekista, nakula kwao. Nikakumbuka kigango kimoja cha Butiama, juu kwenye mawe, kina kinanda cha zamani walichokiacha mapadre wazungu, kile cha kukanyaga kwa miguu ili kipate upepo. Hakina umeme, hakina kitufe chochote. Anayekipiga ni katekista Kasmiri, rafiki yangu wa tangu zamani. Nikamwambia Matrida, kule hakuna wa kukuhamishia do. Macho yake yakafunguka. Tereza alikataa siku tatu, ya nne akafunga sato wakavu kwenye gazeti akasema, "Wapelekeeni, msiende mikono mitupu."

Tulikwenda kupitia Musoma mjini. Kasmiri alitupokea mlangoni, mfupi kama zamani, kichwa kimeshakuwa cheupe chote. Ni Mzanaki, na Wajita tunataniana nao.

"Mjita, umeleta samaki au umeleta harufu tu?"

"Nimeleta samaki na mpigaji."

"Mpigaji tunaye." Akajipiga kifua. "Samaki ndio hatuna. Ghati, njoo, kuna mtu wa kukusaidia kuvuna mtama."

Ndivyo ilivyopangwa. Asubuhi Matrida anakwenda shambani na Ghati, mke wa Kasmiri, mchana mpaka jua linapopungua anakaa kwenye kinanda. Hakuna aliyemdai kitu.

Kinanda chenyewe, sasa. Mbao zake zilikuwa nzuri, niliona mara moja, mbao ambazo hatuzipati siku hizi. Ila panya walikula ngozi za ndani, na meno matatu ya katikati yalikuwa yamekufa, meupe mawili na jeusi moja. Ukiyabonyeza unasikia upepo tu, fuu, kama mzee anayepuliza uji. Na chote kizima kilikuwa kimeshuka sauti kidogo kwa uzee. "Kama mimi," Kasmiri akasema.

Matrida akajaribu ngazi moja. Ikafika kwenye jino bovu, ikakatika.

"Usiache shimo," Kasmiri akamwambia. "Hapo imba."

"Niimbe?"

"Sauti ya hapo itoe mwenyewe kwa mdomo, halafu uendelee na kidole kinachofuata. Mimi nafanya hivyo miaka kumi na minane. Kubonyeza usibonyeze, utapoteza upepo bure."

Jumapili nilielewa vizuri zaidi. Kanisa lilikuwa limejaa, Kasmiri anakanyaga na kupiga, na kila wimbo ulipofika kwenye pengo, waumini wote waliongeza sauti kidogo, wanaume kwa wanawake, wakaijaza ile noti, halafu wakarudi chini kinanda kiendelee. Hakuna aliyewaongoza. Watoto wa pale wamezaliwa wamekuta hivyo, nadhani wanajua nyimbo zote zina mahali pa kuongeza sauti. Nimeshika mabenchi ya makanisa mengi lakini sijawahi kusikia watu wanakitunza kinanda namna ile, kama mtu anavyomshika mgonjwa mkono kumvusha kwenye mawe.

Nilimwacha huko nikarudi Kiriba. Nilikuwa naenda kila baada ya wiki mbili kumpelekea samaki na salamu. Kila nikienda nakuta amesogea. Mara ya kwanza vidole vilikuwa vinapapasa meno meusi kama mtu anayetafuta swichi. Mara ya pili alikuwa anapiga do moja bila kuangalia. Mara ya tatu do zote tatu za usaili alikuwa nazo, na kila ngazi ilipita kwenye pengo moja au mawili, na kila pengo akaliimba, laini, mdomo ukiwa wazi kidogo tu, mpaka huwezi kujua wapi kinanda kimeishia na wapi mtu ameanzia. Ghati alikuwa anaacha kupepeta anasikiliza. Kasmiri akasema, "Huyu amenipita. Mimi watu wananisaidia, yeye anatosha peke yake."

Na mimi nikamwambia Matrida, kwa mdomo wangu huu, "Umeiva."

Alicheka siku ile. Sikumbuki kama nimemwona akicheka vile tena.

Siku ya usaili nilimchukua Butiama, tukapita Nyamuswa mpaka Bunda, tukafika Nyasura saa mbili asubuhi. Alivaa sketi ya bluu ya shule aliyoitoa nembo, na viatu vya Ghati. Vijana wengine walikuwapo kama kumi na watano. Mmoja alikuwa na gitaa kwenye mfuko wake, mwingine amekuja na gari la baba yake. Matrida alikaa kwenye ngazi za ukumbi, vidole vinacheza juu ya magoti.

Tuliingizwa ndani tuione piano kwanza, waliruhusu. Nyeusi, inang'aa, kifuniko chake unajiona uso. Matrida aliinusa. Kweli, aliinama akainusa, halafu akaniangalia kama mtu aliyefika. Hakuigusa. Walisema wasiguse mpaka zamu.

Zamu yake ilifika saa tano. Mimi nilisimama nje kwenye dirisha, halikuwa na kioo, wavu tu. Walimu walikuwa wawili, mwanaume mwenye miwani na mwanamke kijana aliyesuka nywele ndefu. Hawakuwa watu wabaya. Mwanamke alimwambia, "Karibu, dada, kaa vizuri, vuta pumzi."

Akaanza ngazi ya kwanza. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu kutafuta upepo, nikaona mwalimu mwanaume anatabasamu. Sauti ya piano ile ilikuwa kubwa, safi. Ikapanda, ikapanda, na ilipofika katikati kidole chake kikanyanyuka, mdomo ukafunguka, akaimba, halafu kidole kikaendelea.

Nilishika wavu wa dirisha. Hapo ndipo nilipojua tulichofanya.

"Samahani," mwalimu mwanamke akasema. "Mbona umeimba hapo?"

Matrida akamwangalia. "Sijaimba, mwalimu."

"Umeimba noti moja."

"Hapana, mwalimu. Nimepiga."

Alikuwa anasema kweli yake. Hakujua. Miezi miwili na nusu, kila siku, mdomo wake ulikuwa umekuwa jino la kinanda. Walimu wakatazamana. "Haya, rudia, usijali," mwanaume akasema.

Akarudia. Safari hii alibana midomo, nikaona shavu linavyokaza. Ngazi ikapanda, ikafika pale, kidole kikanyanyuka vile vile, kikaruka, na pakawa na shimo. Kimya kidogo, halafu noti inayofuata. Akasimama. Akaanza tena. Shimo. Ngazi ya pili, mashimo mawili. Mwalimu mwanamke akainuka kwenye kiti, akaja mpaka kwenye piano, akaweka kidole chake mwenyewe kwenye lile jino, akalibonyeza. Likalia vizuri kabisa.

"Unaona? Hii ni nzima. Ibonyeze tu."

Matrida akaibonyeza. Ikalia. Akaibonyeza tena. Alipoanza ngazi, kidole kikaruka.

Kwenye wimbo wake ndipo palipokuwa pabaya zaidi. Aliandaa wimbo wa matoleo tunaouimba Kiriba, ule ule aliokatazwa na Evance, na alikuwa amejua kuupiga kwenye do yake ya kweli, vidole vyote vinatembea kwenye meusi na meupe. Mashairi mawili. Katikati ya shairi la kwanza alisahau kubana midomo, akaziimba noti zile, zikatoka kama zinavyotoka Butiama. Akajisikia anaimba. Akafunga mdomo kwa mkono wa kushoto, akabaki anapiga na mkono mmoja. Halafu na huo ukasimama.

"Asante," mwalimu mwanaume akasema. "Inatosha. Majibu yatakuja kwenye simu."

Alitoka, akapita mbele yangu, akaenda kukaa nyuma ya ukumbi kwenye kivuli cha tangi la maji. Nilimfuata. Nikamwambia twende tukanywe chai. Akasema, "Babu, nilikuwa naimba kweli?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Kasmiri asijue."

Lakini Kasmiri alijua, maana tulilala kwake usiku ule na uso wa Matrida ulikuwa unasema. Asubuhi nilimkuta kanisani, amefungua kinanda chake nyuma, ameshika taa ya simu, anaangalia kule ndani panya walikokula. Amekaa nacho miaka kumi na minane na sijui kama alikuwa ameshawahi kukifungua. Akanirudishia kile kipande cha nyuma nikifunge, mimi fundi. Nikashindwa kuona tundu la msumari.

Ujumbe ulikuja baada ya wiki tatu. Hukuchaguliwa, tunakutakia kila la heri. Tereza hakusema "nilikuambia". Namheshimu kwa hilo mpaka leo. Alisema tu mwaka ujao ajaze ualimu. Mwaka ujao ukaja, Matrida hakujaza kitu. Mwaka mwingine ukaja. Sasa anaanika dagaa na mama yake, anageuza nyavu, anafukuza ndege. Vidole vile virefu vimekuwa na magamba. Evance alimwendea mara mbili, alimwendea kwa unyenyekevu, akamwomba arudi kwenye kinanda, hata akasema apige anavyotaka, na kitufe au bila kitufe. Akasema mikono imechoka. Jumapili anakaa benchi la nyuma, mojawapo nililotengeneza mimi, na haimbi. Naweza kusema ndilo linaloniuma kuliko yote. Kukosa chuo, watu wanakosa. Lakini wimbo wa matoleo ukifika mahali fulani namwona anafunga mdomo kwa nguvu, na mahali pale hapana pengo, kinanda chetu ni kizima.

Kasmiri alifariki mwaka jana, mwezi wa tatu. Matrida hakwenda kumzika. Nilikwenda mimi. Watu waliimba bila kinanda, hakuna mwingine anayejua kukipiga, na walipofika kwenye zile noti bado waliongeza sauti.

Kuna jambo moja linanirudia, na nimeliuliza mara tatu. Kinanda cha Kasmiri kilikuwa kimeshuka, nilisema. Piano ya Nyasura ilikuwa juu yake kidogo. Sasa Matrida alizoea sauti ya kile cha chini, na siku ile alikuwa hajawahi kuigusa piano maishani. Kama zile noti zilizomtoka mdomoni zililingana na piano, basi sikio lake lilihama lenyewe, pale pale, bila kitufe, wakati vidole vyake vinaruka. Masikio yangu ni ya mzee, na nilikuwa nje ya dirisha, na moyo ulikuwa unapiga. Sikuweza kujua.

Nilimuuliza yule mwalimu mwanamke siku ile ile, alipotoka kwenda kula. Akasema, "Mzee, majibu yatakuja kwenye simu." Nikamwambia siulizii majibu. Alikuwa ameshaitwa, akanishika bega akaenda. Nilimuuliza Kasmiri, naye akaangalia mawe yake. Mwezi uliopita nikamuuliza Matrida mwenyewe, anageuza dagaa, jua kali. Nilimuuliza taratibu, kama ninavyoandika hapa, na yeye akachukua fimbo akaenda kufukuza ndege ambao sikuwaona:

Zile noti tatu ulizoimba, mjukuu wangu, zilikuwa sawa na piano, au hazikuwa?